Swali la Shangazi Kuhusu Dawa Nyekundu

Siku shangazi yangu alipoanza mzunguko wake wa kwanza wa tibakemia, muuguzi alimweleza mapema kwamba mkojo wake ungekuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na kwamba asishtuke, kwa kuwa ile haikuwa damu bali rangi ya dawa. Hilo alilipokea bila shida. Kilichomsumbua ni kwamba wiki iliyotangulia alikuwa ametumwa kupimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, naye hakuwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na saratani ya titi. Mimi ni mfamasia, na kuchanganya dawa hizo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo aliponiuliza zinafanyaje kazi nilimjibu haraka, kwa maneno ambayo sisi watu wa hospitali tumeyazoea: dawa hizi huharibu vinasaba vya seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa seli za saratani hugawanyika kwa kasi, ndizo zinazokufa zaidi. Mizizi ya nywele nayo hugawanyika, ngozi laini ya ndani ya kinywa nayo hugawanyika, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutoka vidonda mdomoni.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mwanangu, na moyo nao unagawanyika?”

Sikuwa na jibu. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima karibu hazigawanyiki kabisa. Kama maelezo yangu yangekuwa kamili, moyo ungekuwa kiungo cha mwisho kuguswa na dawa ile, na badala yake ndicho kiungo tunachokilinda kwa hofu kuliko vyote. Nilikuwa nimelirudia jibu lile kwa wagonjwa wengi bila kuona kwamba lina tundu katikati, na aliyelionesha tundu hilo ni mwanamke ambaye shule aliishia darasa la nne. Makala hii ni jibu nililolitafuta baada ya siku ile, na kwa kuwa bado naona aibu kwa haraka ya jibu la kwanza, safari hii sitakwenda mbio.

Dawa yenyewe ni doksorubisini. Asili yake ni udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa kampuni ya Farmitalia nchini Italia walichukua sampuli ya udongo karibu na ngome ya Castel del Monte, katika mkoa wa Puglia, wakakuta humo bakteria wa jamii ya Streptomyces wanaotengeneza kemikali ya rangi nyekundu. Kemikali ya kwanza iliitwa daunorubisini. Baadaye, kutoka kwa bakteria wa aina hiyo waliobadilishwa maabara, ikapatikana ndugu yake, ambayo ilipewa jina la biashara la Adriamycin kwa heshima ya bahari ya Adriatic iliyo jirani na pale udongo ulipotoka. Nilipomwambia shangazi kwamba dawa yake ina jina la bahari, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kwa saratani ya titi huchanganywa mara nyingi na siklofosfamidi, na kipimo kilichozoeleka ni miligramu 60 za doksorubisini kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kwa mizunguko minne. Ndivyo alivyoandikiwa yeye.

Ili kueleza kinachotokea baada ya dawa kuingia ndani ya seli, nitatumia kazi ya mikono yake. Shangazi alizaliwa Jambiani, Unguja, na tangu utotoni amesokota kamba za makumbi: makumbi yaliyofukiwa mchangani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kwenye viganja na mapaja. Kila msokotaji wa kamba anajua jambo ambalo wanafunzi wangu wa famasia huchukua muda kulielewa. Ukiichanua katikati kamba ambayo imekwisha sokotwa, msokoto haupotei. Unasukumwa kwenda kando, na huko kando kamba inajikaza mpaka inajipinda na kufanya vifundo. DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba, ni kamba ya namna hiyo, yenye nyuzi mbili zilizosokotana, na kila seli inapotaka kusoma jeni yoyote, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani, inalazimika kuzichanua nyuzi hizo mahali pale pale panaposomwa. Kwa sababu hiyo mwili una vimeng'enya vinavyoitwa topoisomerasi, ambavyo kazi yake ni kulegeza msokoto. Topoisomerasi ya pili huifanya kazi hiyo kwa namna ya ajabu: huikata kamba nzima, nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha kamba katika mwanya huo, kisha huziunga nyuzi upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jambo la pili la kulijua kuhusu kamba hii. Kila seli yenye kiini ina takribani mita 2 za DNA, na hizo zimefungashwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Ufungashaji huo hufanywa na protini ziitwazo histoni. Histoni 8 hukaa pamoja kama kigogo kidogo, na DNA yenye urefu wa jozi 147 za herufi (ndivyo tunavyoziita kemikali nne, A, T, G na C, zinazojipanga kando ya nyuzi zake) hukizunguka kigogo hicho karibu mara mbili. Kisha kamba huendelea kidogo na kuzunguka kigogo kingine, na kingine, mamilioni kwa mamilioni. Kigogo kimoja pamoja na kamba yake huitwa nyukliosomu. Tusidhani kwamba hiyo ni sanduku la kuhifadhia tu. Binadamu ana takribani jeni 20,000 za kutengenezea protini, na zote zimo katika seli ya moyo kama zilivyo katika seli ya titi. Kinachozitofautisha seli hizi mbili ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Mahali ambapo nyukliosomu zimelegea au zimesogea, protini za kuwasha jeni hupata nafasi ya kutua, na mashine ya kunakili, yaani RNA polimerasi, huweza kuanza kazi. Mahali zilipobana, jeni hunyamaza. Huo ndio udhibiti wa jeni kwa ufupi wake, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyokosekana katika jibu langu kwa shangazi.

Sasa ingiza doksorubisini. Umbo lake ni bapa jembamba la pete nne zilizoungana, na ubavuni mwa bapa hilo imening'inia sukari yenye chaji chanya. Bapa hujipenyeza katikati ya jozi mbili za herufi za DNA, mfano wa ubao mwembamba unaochomekwa kati ya vidato viwili vya ngazi, nalo huvisukuma vidato hivyo mbali kimoja na kingine na kuulegeza msokoto wa eneo lile. Sukari nayo hulala katika mfereji mwembamba unaopita ubavuni mwa kamba. Topoisomerasi ya pili ikifika hapo na kuikata kamba, dawa huizuia isiunge tena. Mkato unabaki wazi, seli inapiga mbiu ya hatari, protini inayoitwa p53 inapanda na kuwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko au za kuiua seli. Mpaka hapa bado tuko katika maelezo ya vitabu vyetu vya zamani, ingawa msomaji ataona kwamba hata hapa uamuzi wa mwisho unapitia kwenye jeni kuwashwa: mkato peke yake hauiui seli kwa njia hii mpaka p53 isome na kuamrisha.

Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalionesha kitu ambacho dawa hii ilikuwa ikikifanya miaka yote bila kutambuliwa. Kundi la Jacques Neefjes katika taasisi ya saratani ya Uholanzi, mjini Amsterdam, lilizitia histoni alama zinazong'aa ndani ya seli hai, likaona kwamba doksorubisini inapoingia, histoni zinang'oka kutoka kwenye DNA. Kundi la Steven Henikoff mjini Seattle, Marekani, likaonesha kwamba doksorubisini huongeza kasi ya nyukliosomu kubanduka na kubadilishwa, hasa kuzunguka sehemu za mbele za jeni zinazosomwa, pale pale ambapo protini za kuwasha jeni hutua. Maelezo ya kundi la Amsterdam ni kwamba ile sukari iliyolala mferejini hugombania nafasi na mikono ya histoni iliyoishika kamba, na histoni zinashindwa.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Dawa ambayo tumeieleza kama shoka la kukatia kamba, kumbe pia huvivuta vigogo vilivyozungushiwa kamba hiyo, na huvivuta zaidi katika maeneo yaliyo wazi, yaani kwenye jeni ambazo seli ile inazitumia. Kwa kuwa kila aina ya seli ina maeneo yake yaliyo wazi, seli ya moyo haiguswi mahali pale pale inapoguswa seli ya damu. Seli iliyopona mikato inaweza kuendelea kuishi huku mpangilio wake wa usomaji ukiwa umevurugwa. Tena histoni zinapong'oka, huondoka na baadhi ya alama ambazo seli huziandika juu yake ili kukumbuka jeni ipi ifungwe na ipi iachwe wazi. Miongoni mwa histoni zinazoondoka imo H2AX, ambayo ndiyo hubeba alama ya kutangaza kwamba DNA imekatika hapa. Ikiondoka, tangazo hufifia na ukarabati huchelewa. Hivyo mikato inayoletwa na doksorubisini ni migumu kwa seli kuliko mikato ya etoposidi, dawa nyingine inayoikwamisha topoisomerasi ya pili lakini isiyong'oa histoni.

Turudi kwenye moyo. Topoisomerasi ya pili ina sura mbili. Ya kwanza, alfa, hupatikana kwa wingi katika seli zinazogawanyika. Ya pili, beta, imo hata katika seli zisizogawanyika, zikiwemo za misuli ya moyo, kwa sababu hata seli isiyogawanyika inasoma jeni zake kila dakika, na kila kusoma ni kuichanua kamba. Mwaka 2012 watafiti wa Houston, Marekani, wakiongozwa na Edward Yeh, walitengeneza panya ambao seli za mioyo yao hazina topoisomerasi ya pili beta, wakawapa doksorubisini. Mioyo ya panya hao ilikingwa kwa kiasi kikubwa. Katika panya wa kawaida, dawa ilileta mikato na pia ilishusha usomaji wa jeni zinazojenga na kuendesha mitokondria, ambazo ni majiko ya nishati ya seli, na moyo ni kiungo kisichoweza kukaa hata dakika chache bila nishati. Jibu la swali la shangazi lilikuwa hapo. Moyo haugawanyiki, lakini unasoma. Dawa iliukuta ukisoma.

Miaka minane baadaye, mwaka 2020, kundi la Neefjes lilirudi na jambo lililonigusa kama mtu wa dawa. Walitenganisha kazi mbili za doksorubisini. Iko dawa ya ukoo huo huo, aklarubisini, ambayo hung'oa histoni bila kuleta mikato. Nao wakaibadilisha kidogo sukari ya doksorubisini wakapata aina nyingine yenye tabia hiyo. Katika panya, dawa hizo zenye kazi moja ziliendelea kupambana na uvimbe lakini hazikuleta madhara ya moyo yaliyoletwa na doksorubisini. Yaani kinachoumiza moyo zaidi ni mikato na kung'oka kwa histoni vikija pamoja. Aklarubisini imetumika kwa wagonjwa wa leukemia, yaani saratani ya damu, huko Japani na China kwa miaka mingi. Kwenye kabati letu la dawa haijawahi kuwepo.

Doksorubisini si ya pekee katika kuingilia usomaji. Mwaka 2009 maabara ya Gregg Semenza, ambaye baadaye alishiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, ilionesha kwamba dawa za ukoo huu huizuia protini HIF-1 kutua kwenye DNA. HIF-1 ndiyo huwasha jeni za kuvumilia upungufu wa oksijeni na kuita mishipa mipya ya damu, na uvimbe unaokua huitegemea sana. Hapo dawa imefanya kitu rahisi kabisa: imekalia kiti cha mwenzake.

Aliyewatangulia wote katika jambo hili ni aktinomisini D. Selman Waksman na Boyd Woodruff waliitoa kwa bakteria wa udongoni huko New Jersey mwaka 1940, wakitafuta dawa ya vijidudu, wakaiona ni kali mno kwa matumizi hayo. Miaka ya 1950 Sidney Farber wa Boston aliitumia kwa watoto wenye uvimbe wa Wilms wa figo, na hadi leo watoto hutibiwa nayo. Hata katika Kampala ilifanya kazi kubwa: mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa saratani ya Kaposi katika taasisi ya saratani ya Uganda walipewa aktinomisini pamoja na vinkristini. Dawa hii hupenda mahali herufi G inapofuatwa na C, na ikishakaa hapo, RNA polimerasi inayokuja ikinakili hukwama. Ikiwa kidogo sana, huanza kwa kuzima jeni za ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengenezea protini. Ikiongezwa, huzima karibu kila kitu. Na hapa kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha darasani. Usomaji ukisimama kote kwa wakati mmoja, jeni hazipotezi sauti kwa wakati mmoja. Kuna nakala za jeni, ziitwazo RNA, zinazodumu kwa saa nyingi na zipo zinazooza ndani ya nusu saa hivi, na miongoni mwa zinazooza haraka ni ya jeni MYC, ambayo saratani nyingi zinaitegemea. Dawa inayozuia vyote inaishia kuwaumiza zaidi walioishi kwa kukopa kila siku.

MYC inanirudisha Kampala tena. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu. Baadaye ikajulikana kwamba katika uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni MYC mara nyingi kimehamia kromosomu ya 14, kikakaa jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli za aina hiyo husomwa usiku na mchana. MYC ikajikuta imehamia kwenye nyumba ambayo taa haizimwi. Kwa hiyo saratani hii ya Afrika Mashariki ni kosa la udhibiti wa jeni tangu asili yake, na dawa iliyowapa watoto wale nafasi ya kuishi, wengine kwa dawa hiyo peke yake, ni siklofosfamidi, ambayo ini huigeuza kuwa kemikali inayojifunga kwenye herufi G na kuzifungamanisha nyuzi mbili za kamba, zisiweze kuchanuliwa kwa kunakiliwa wala kwa kusomwa. Ni dawa ile ile iliyokuwa kwenye chupa ya pili ya shangazi.

Sisplatini, dawa nyingine ya saratani, hufanya hila nyingine. Hushika herufi G mbili zinazofuatana na kuikunja kamba, na mkunjo huo, kama ilivyooneshwa mwaka 1994, huivuta protini UBF, ambayo kazi yake halisi ni kuwasha jeni za ribosomu. Protini inatua kwenye mkunjo wa uongo, na kule inakohitajika haionekani.

Mfano unaonipa matumaini zaidi ni trabektedini, iliyotokana na mnyama wa bahari ya Karibi anayejibandika kwenye mizizi ya mikoko. Katika saratani fulani ya mafuta, inayoitwa liposakoma ya miksoidi, jeni mbili zimeungana na kuzaa protini ya mchanganyiko, FUS-CHOP, inayozizuia seli zisikomae. Watafiti wa Milan waliona kwamba trabektedini huing'oa protini hiyo kutoka kwenye jeni inazozishikilia, na katika vipande vya uvimbe vya wagonjwa waliotibiwa zikaonekana seli zilizoanza kukomaa kuelekea kuwa seli za mafuta. Seli ya saratani iliyokuwa imekwama utotoni inaanza kukua. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu miaka yote niliyochanganya dawa hizi nilidhani nachanganya sumu tu, na kazi yangu ni kupima sumu vizuri.

Bado ni sumu, na bado napima. Nilimweleza shangazi haya yote kwa kamba, ukumbini kwake, miezi kadhaa baada ya mzunguko wa nne, akiwa amefunga kilemba kwa kuwa nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza. Aliichanua kamba katikati kwa vidole vyake, akatazama vifundo vinavyojitokeza kando, akasema hayo anayajua. Nikachomeka kijiti kati ya nyuzi. Akajaribu kuisokota upya kijiti kikiwa ndani, haikukubali. Akaniuliza kama kijiti hicho kiko ndani yake mpaka leo. Nikamwambia dawa yenyewe imekwisha toka, lakini alichokivuruga kijiti huenda kisirudi chote kama kilivyokuwa, na ndiyo sababu moyo wake utapimwa tena na tena hata kama anajisikia mzima.

Kisha nikachukua kadi yake ya kliniki nikaandika kwa kalamu ya wino, chini ya jina la dawa, namba 240. Mara nne kwa miligramu 60. Kikomo tunachokichunga kwa maisha yote ya mtu ni kati ya 450 na 550 kwa mita ya mraba, na moyo haufuti hesabu hata ikipita miaka ishirini. Nikamwambia kwamba popote atakapotibiwa, Unguja, Dar es Salaam au kwingine, mtu yeyote akitaka kumpa tena dawa nyekundu, amwoneshe kwanza namba hiyo. Aliikunja kadi ndani ya kipande cha kanga, akaitia kwenye kijaluba chake, pamoja na hati ya shamba.